Jibu Lile Lile, Swali Jipya: Uchambuzi wa Majibizano ya Upanga katika The Secret of Monkey Island

Katika mchezo huu wa video, kwenye kisiwa cha Mêlée usiku hauishi. Kijana Guybrush Threepwood anakata njia akiwa na upanga alionunua dukani na mafunzo ya haraka haraka kutoka kwa Captain Smirk. Anataka kuwa haramia, na amepewa mitihani mitatu, mmoja wao ukiwa kumshinda Bingwa wa Upanga. Njiani anakutana na haramia. Panga zinachomolewa. Haramia hakimbilii kukata, anaanza kwa maneno: "Unapigana kama mfugaji wa ng'ombe!"

Chini ya skrini kuna orodha ya majibu anayoyajua Guybrush, na yote ni ya kitoto, ya aina ya "Eti nini?" Mchezaji anachagua moja kwa kubahatisha, anazidiwa, na baada ya raundi chache upanga unamtoka mkononi. Ameshindwa. Ila kejeli ile ya mfugaji wa ng'ombe sasa ni mali yake. Akikutana na haramia mwingine ataitumia yeye, na huyo wa pili, kwa bahati, analijua jibu: "Inafaa basi, maana wewe unapigana kama ng'ombe." Guybrush anazidiwa tena. Mchezaji anacheka, na jibu linaingia kwenye orodha yake.

Hicho ndicho kisa ninachotaka kukifungua hapa. The Secret of Monkey Island ilitoka mwaka 1990 kutoka Lucasfilm Games, ikiongozwa na Ron Gilbert pamoja na Tim Schafer na Dave Grossman. Imepita miaka zaidi ya 30, na sehemu hii ya majibizano bado inawachekesha watu wanaoicheza kwa mara ya kwanza, na hata sisi tunaoirudia. Kwa gemu ya vichekesho hilo ni jambo adimu sana. Nimeona maelezo mengi yanayosema siri ni kwamba mistari imeandikwa vizuri. Imeandikwa vizuri, ndiyo, lakini mistari mizuri huchakaa kama mingine yote. Kilichoiokoa hii ni namna ilivyopangwa.

Tatizo linalopaswa kutatuliwa

Mzaha huishi kwa kushtukiza. Ukishajua mwisho wake, mshtuko umekwisha, na mara ya tatu unatabasamu kwa adabu tu. Mchezo wa video nao huishi kwa kurudia: unapigana pigano lile lile, unapita mlango ule ule, unamsikia mlinzi yule yule. Ukiweka mzaha wa kawaida ndani ya chombo cha namna hii, umeuweka mahali panapouua.

Mfano unaojulikana ni ule wa walinzi wa Skyrim, mchezo uliotoka Novemba 2011. Mlinzi anakueleza kwamba naye alikuwa msafiri kama wewe, hadi alipopigwa mshale wa goti. Mstari wenyewe si mbaya. Kuusikia mara moja kwa mlinzi mmoja kungekuwa kitu kizuri, kidokezo cha maisha ya mtu wa kando. Lakini ulitoka vinywani mwa walinzi wa mji baada ya mji, na mchezaji hakuwa na la kufanya nao: hauwezi kujibiwa, haubadiliki, haukupi chochote. Ndani ya wiki chache ulikuwa umeenea mtandaoni kote, na muda mfupi baadaye watu wengi hawakutaka kuusikia tena.

Linganisha na haramia wa Mêlée. Naye anarudia. Kejeli za barabarani ni 16 tu, na kabla hujamaliza utakuwa umesikia nyingine mara tano au sita. Kwa hesabu ya kawaida zilipaswa kukuchosha kabla ya nusu ya safari.

Jinsi pigano lilivyojengwa

Chanzo chake ni rahisi. Gilbert na wenzake walikuwa wakitazama filamu za zamani za maharamia, zile za kina Errol Flynn, wakaona kwamba wapigana upanga hawanyamazi. Kila pigo lina neno lake, na mara nyingi neno ndilo linaloonyesha nani anamzidi nani. Mchezo wao haukuwa wa wepesi wa vidole, ulikuwa wa kusoma, kuwaza na kuchagua. Basi wakalichukua neno wakaliacha pigo. Upanga unayumba wenyewe kwenye skrini, na ushindi unaamuliwa na ulimi.

Kanuni zake zinaweza kuelezwa kwa pumzi moja. Anayeshambulia hutoa kejeli. Anayeshambuliwa asipokuwa na jibu linalooana nayo, anapoteza raundi. Akiwa nalo, anageuza meza na yeye ndiye anayefuata kushambulia. Hujui kejeli mpaka utukanwe nayo. Hujui jibu mpaka umtukane mtu anayelijua. Maana yake ni kwamba ukimshambulia haramia kwa kejeli asiyoijua, unashinda raundi lakini hujifunzi kitu. Anayejifunza ni anayepigwa. Kushindwa ndiyo karo ya shule.

Hapa pana uamuzi ambao naona haupewi uzito wake. Kwa kuwa kushindwa hakukuui wala hakukurudishi nyuma, unaweza kucheka ukiwa umeshindwa. Gilbert alikuwa na msimamo kuhusu hilo. Mwaka 1989 aliandika makala ya kulalamikia michezo ya masimulizi iliyokuwa ikimuua mchezaji kila anapokosea. Mtu aliyepoteza nusu saa ya kazi yake hana moyo wa kuchekea jibu zuri la adui. Aliyepoteza sekunde 40 na kupata silaha mpya anao.

Kisha angalia menyu. Unapotukanwa, majibu yote unayoyajua yanajipanga mbele yako. Unayasoma kabla ya kuyasema. Kwa mtu wa jukwaani huo ungekuwa uharibifu: mwisho wa mzaha umeanikwa kabla ya mwanzo wake! Lakini ndipo mambo yanapogeuka. Jibu la ng'ombe halikushtui tena, unalijua kwa moyo. Raha sasa ni kulisubiri lipate nafasi yake. Haramia anapoanza kutamka "Unapigana kama..." tayari unatabasamu, kwa sababu unajua kitakachompata. Kicheko kimehama kutoka kwa aliyeandika kwenda kwa anayecheza. Mshtuko huisha, lakini raha ya kummaliza mtu kwa neno linalomstahili haiishi upesi hivyo, kama ajuavyo kila aliyewahi kukosa jibu kwenye ugomvi halafu likamjia yuko kitandani.

Hata majibu yasiyofaa yana kazi. Ukichagua jibu la ng'ombe kwa kejeli inayohusu leso, matokeo ni upuuzi mtupu, na wachezaji wengi huchagua makosa kwa makusudi angalau mara moja ili waone yanavyosikika. Mistari 16 kwa 16 inazaa mamia ya jozi zisizooana bila mwandishi kuongeza hata neno.

Bingwa wa Upanga

Mpaka hapa tuna mfumo mzuri, ila bado ungechoka. Baada ya mapigano kadhaa, haramia anakiri kwamba sasa unafaa kumkabili Bingwa. Unaenda nyumbani kwake msituni ukijiamini, jozi zako zote umezihifadhi. Anafungua kinywa:

"Nitakukamua kila tone la damu mwilini mwako!"

Hujawahi kuisikia. Bingwa hatumii hata kejeli moja kati ya zile 16. Unatazama menyu yako kwa wasiwasi, majibu ni yale yale ya zamani, na macho yanapita juu ya moja na kurudi: "Inafaa basi, maana wewe unapigana kama ng'ombe." Kukamua. Ng'ombe. Limeingia.

Kwa maoni yangu hii ni miongoni mwa sekunde bora kabisa katika historia ya vichekesho vya gemu, na hakuna aliyekuambia mzaha mpya. Umeutengeneza mwenyewe, kichwani mwako, kwa kipande cha zamani ulichokuwa umekizoea kiasi cha kutokiona. Mshtuko uliokuwa umekufa kwa kurudiwa umefufuka, na umefufuka kwa sababu ya kule kurudiwa. Mtu asiyelijua jibu kwa moyo asingelitambua katika mavazi mapya.

Tazama pia uchumi wake. Timu haikuandika jozi mpya 16 kwa ajili ya Bingwa. Iliandika kejeli 16 tu, nusu ya kazi, na ikapata mara mbili ya thamani. Lakini nusu hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana, kwa sababu kila jibu lilipaswa kuwa na tundu: mahali palipoachwa wazi ili maana mbili tofauti ziweze kukaa. "Bila shaka ndiye aliyekufundisha kila unachokijua" ni jibu kwa haramia anayejisifu kwamba aliwahi kufuga mbwa mwenye akili kukushinda. Ni jibu pia kwa Bingwa anaposema amewahi kukutana na mwoga wa namna yako mara moja tu. Tundu ni lile "ndiye". Halitaji mbwa wala mwoga, linamsubiri yeyote.

Kuupima kwa Kiswahili

Njia bora niliyoipata ya kuelewa ugumu wa kazi hii ni kujaribu kuzigeuza jozi hizi kwa Kiswahili. Kiingereza kina kiwakilishi kimoja kwa karibu kila kitu kisicho na uhai. Sisi tuna ngeli, na ngeli haisahau. Tundu linalobaki wazi kwao, kwetu hujifunga kwa kiambishi.

Mara nyingine bahati inakuwa upande wetu. Haramia anatisha: "Sasa hivi utavaa upanga wangu kama mshikaki!" Jibu: "Kwanza acha kuupunga kama ufagio wa manyoya." Bingwa anatumia kejeli nyingine: "Ulimi wangu ni mkali kuliko upanga wowote!" Jibu lile lile, bila kubadilisha herufi: "Kwanza acha kuupunga kama ufagio wa manyoya." Upanga na ulimi vyote viko katika ngeli ya U, kiambishi kinakaa, na picha ya mtu anayepunga ulimi wake kama ufagio inachekesha kuliko ya kwanza.

Mara nyingine hakuna bahati. "Hakuna maneno ya kueleza unavyochukiza!" Jibu: "Yapo, ila hukuwahi kujifunza." Kejeli ya Bingwa inayoenda na jibu hilo inasema hakuna mbinu itakayokusaidia sasa. Hapo tumekwama, kwa sababu mbinu "zipo", hazisemwi "yapo". Mfasiri mvivu angeandika majibu mawili tofauti, na kwa kufanya hivyo angeua kisa chote, maana furaha ilikuwa katika kulitambua jibu la zamani. Lazima jibu libaki neno kwa neno. Kinachoweza kubadilika ni kejeli: "Hakuna maarifa yatakayokusaidia sasa!" Maarifa yapo. Ila hukuwahi kujifunza. Na kwa kweli imekuwa kali zaidi, kwa sababu maarifa ni kitu cha kujifunza kuliko hata mbinu.

Ipo pia jozi isiyogeuzika kabisa, ile inayocheza na neno la Kiingereza linalomaanisha ncha ya upanga na papo hapo hoja ya mazungumzo. Ncha kwetu ni ncha tu. Hapo sioni njia ila kuacha maneno na kushika kazi yaliyokuwa yakifanya: kutafuta neno letu lenye makali pande mbili. Kuchoma, kwa mfano, ni kwa kisu na ni kwa maneno. "Huu ndio mwisho wako, mbwa wa mitaroni!" "Nami nina neno la kukuchoma, tena moyoni." Bingwa: "Leo nitakupa funzo refu lenye makali!" Jibu linasimama palepale. Si tafsiri, ni mzaha mwingine uliochongwa kutoshea tundu lile lile, na naamini ndivyo waandishi wa awali nao walivyofanya kazi: tundu kwanza, maneno baadaye.

Mahali panapolegea

Sitaki kuusifu mchezo huu kupita kiasi. Katikati pana uchovu wa kweli. Ukishajua kama kejeli 12, zile zilizobaki hazikujii kwa kupenda kwako. Unazurura barabarani ukipigana na maharamia wanaorudia yale unayoyajua, ukisubiri bahati ikuletee jipya. Kwa dakika kadhaa pigano linakuwa kibarua. Laiti haramia wangechagua kwanza kejeli ambayo mchezaji hajaisikia, sehemu hiyo ingepungua kwa theluthi bila kupoteza chochote. Kila ninaporudi kuucheza, hapo ndipo ninapotazama saa.

Na hapo ndipo sauti inapokuwa mzigo. Toleo la 1990 lilikuwa la maandishi matupu. Macho hupita juu ya mstari unaojulikana kwa nusu sekunde, na kitufe kimoja kinauondoa. Toleo jipya la Julai 2009 lilileta waigizaji, na ni wazuri. Dominic Armato anamfanya Guybrush apendeke. Lakini sauti ina urefu wake na lafudhi yake isiyobadilika. Mstari ulioandikwa, wewe mwenyewe unausoma kila mara kwa sauti tofauti kidogo kichwani. Mstari uliorekodiwa ni ule ule, pumzi kwa pumzi. Katika pambano la Bingwa sauti inaongeza ladha, kwa sababu kila kitu ni kipya. Katika kurudia barabarani inapunguza. Kama ningekuwa na uamuzi, ningerekodi zile kejeli 16 za kawaida mara tatu kila moja kwa hisia tofauti kabla ya kutumia senti kwa kitu kingine.

Mizaha miwili ya pembeni

Mchezo huo huo una mizaha ya mara moja tu, na hatima zake zinasaidia kuona jambo. Msituni kuna kisiki. Ukikichunguza, Guybrush anaona uwazi unaoelekea mapangoni chini, kisha mchezo unakuomba uingize diski namba 22, halafu namba 36, halafu namba 114. Hazikuwepo, mchezo wote ulikuja kwenye diski chache. Kulikuwa na wachezaji wasioelewa, wakapiga simu kwa kampuni kuuliza diski zao zilizopotea, na mzaha ukaondolewa katika toleo la CD. Ulitegemea kitu kilichokuwa mikononi mwa mchezaji wa wakati ule. Diski zilipoondoka, uliondoka nazo.

Wa pili ni wa majini. Guybrush hujisifu kwamba anaweza kuzuia pumzi dakika 10. Baadaye anatupwa baharini akiwa amefungwa kwenye sanamu. Suluhisho ni la sekunde chache, ila ukikaa kimya na kusubiri dakika 10 kamili za saa ya ukutani, anakufa kweli, na vitenzi vya amri chini ya skrini vinageuka kuwa vya maiti: kuelea, kuvimba, kuoza. Ndicho kifo pekee katika mchezo mzima. Wachache wamekiona kwa macho yao. Wote wanaokijua wanakisimulia kwa furaha, kwa kuwa kimesimama juu ya maneno ya Guybrush mwenyewe na subira ya mchezaji, vitu ambavyo havipitwi na wakati.

Wafuatao

Mfumo mzuri hupimwa unapoguswa na mikono mingine, na huu ulirudi baadaye; nitataja namna mbili.

Mwaka 1997, katika The Curse of Monkey Island, mapigano yalihamia baharini na kanuni moja ikaongezwa: ukiwa juu ya maji, jibu lazima liwe na vina na kejeli. Ni nyongeza ndogo yenye akili. Aliyecheza mchezo wa kwanza alikuja akidhani anajua kila kitu, akakuta sikio lake nalo linaajiriwa. Majibu yasiyo na vina yanachekesha kwa kukosea kwake, yenye vina yanaridhisha hata kabla ya maana kuingia, na haramia Captain Rottingham anakuja mwishoni na kejeli zake mwenyewe, kama alivyofanya Bingwa. Mimi nalipenda pigano hili kuliko la kwanza kwa masikio, na kidogo chini yake kwa akili.

Mwaka 2000, katika Escape from Monkey Island, kulikuja mapigano ya nyani. Mifupa ni ile ile kabisa: unakutana na wapinzani, unashindwa, unajifunza kutoka kwao, unakusanya, unakwenda kumkabili mkubwa. Kuna mikao mitano, kila mmoja unashinda miwili na kushindwa na miwili, na kutoka mkao mmoja kwenda mwingine unatamka milio mitatu ya nyani kwa mpangilio maalumu. Mpangilio huo hubadilika kwa kila mchezaji, kwa hiyo hakuna msaada wa mwenzako. Hakuna kejeli, hakuna jibu, hakuna tundu la maana ya pili kukaa. Kinachokaririwa ni milio. Unacheka nyani wa kwanza anapofungua kinywa, kisha unachukua karatasi na kalamu, unachora jedwali, na kwa saa nzima inayofuata unanakili milio mitatu mitatu.